Kujifunza Kuchomelea kwa Kushusha Pikapu Nyumbani: Anza na Bodi, Chasisi Iwe ya Mwisho

Watu wanaonunua pikapu kuukuu kwa nia ya kuishusha, yaani kuifanya ikae karibu zaidi na ardhi, huniuliza maswali yaleyale: wanunue mashine gani, kwa nini mishono yao ina vitundu, na kama wanaweza kukata chasisi mwezi huohuo walioanza kushika tochi ya kuchomelea. Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kwa sababu swali la tatu ndilo lenye hatari, na jibu lake linategemea umefanya nini kabla yake. Pikapu ni shule nzuri ya kuchomelea kwa kuwa ina kazi za kila daraja: vipande vya bodi ambavyo mshono mbaya utakugharimu msasa na muda tu, na chasisi ambayo mshono mbaya unaweza kumgharimu mtu uhai. Uzifanye kwa utaratibu huo, wala usiugeuze.

Ninazungumzia pikapu ndogo yenye chasisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyo peke yake, ambayo bodi hufungwa juu yake), inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye springi za bapa nyuma na ekseli iliyokaa chini ya springi hizo. Toyota Hilux na Mazda nyingi za zamani zisizosukumwa na magurudumu manne ni za namna hiyo, lakini usiniamini kabla hujalala chini ya gari lako ukatazama. Kama bodi na chasisi ya gari lako ni kitu kimoja, hatua za kukata chasisi zilizomo humu hazikuhusu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mashine inayomfaa anayejifunza kwa kazi hii ni MIG, yaani ile inayosukuma waya kupitia tochi huku gesi ikiukinga mshono, ya umeme wa kawaida wa nyumbani, yenye uwezo wa ampea 160 hadi 200, kwa sababu inaweza kuchomelea bati la bodi lenye unene wa chini ya milimita 1 na pia chuma cha chasisi chenye milimita 3. Inveta ya elektrodi, yaani mashine ya kuchomelea kwa vijiti, ni rahisi zaidi na inapatikana kila mahali, nayo hufanya kazi nzuri sana kwenye chasisi, ila kwenye bati jembamba itakutoboa moyo kabla hujatoboa bati. Mwenye inveta peke yake afanye kazi za chuma kinene, na kazi ya bati aiache mpaka apate mashine nyingine.

Zaidi ya mashine, hakikisha una vitu vifuatavyo:

- Waya wa MIG wa milimita 0.6 kwa bati na wa milimita 0.8 kwa chuma kinene, pamoja na mtungi wa mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi tupu pia inafaa, ingawa hurusha cheche zaidi.
- Kofia ya kuchomelea yenye kioo cha giza namba 10 au 11, glavu za ngozi, nguo za pamba zenye mikono mirefu na viatu vya ngozi vilivyofungwa. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini.
- Grainda yenye kinga yake, diski za kukatia na za kusagia, pamoja na miwani ya kinga ambayo utaivaa hata chini ya kofia.
- Stendi nne imara, vizuizi vya magurudumu, na klampu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.
- Kizimamoto cha unga, ndoo ya maji, na mtu wa pili aliye macho.
- Utepe wa kupimia, kipima pembe, bisibisi ya kuchorea na makaratasi magumu ya kukatia vielelezo.
- Mabaki ya chuma cha milimita 3 na bati la milimita 1, angalau kilo 20. Hiki ndicho kitu ambacho wengi hukiruka.

Mwite fundi umeme aitolee mashine laini yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme. Waya wa kuongezea ulioviringwa kwenye kibao chake hupata moto, na mashine inayokosa umeme wa kutosha hutoa mshono dhaifu ambao wewe utadhani ni kosa la mkono wako.

Hatua za kazi

1. Tayarisha gari na mahali pa kazi. Egesha kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, zuia magurudumu, kisha liinue gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Ondoa betri. Fungua boliti za bodi la nyuma, tenganisha nyaya za taa na bomba la kujazia mafuta, kisha ulinyanyue bodi pamoja na watu watatu au wanne. Ondoa tangi la mafuta lote na ulipeleke mbali, nje ya eneo la kazi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndani yake ndio unaolipuka. Ondoa pia mabomba ya breki yaliyo karibu na utakapochomelea, pamoja na shokomzoba, kwa maana chombo chochote kilichofungwa kikiwa na gesi au mafuta ndani kinaweza kupasuka kikipata moto.

2. Safisha chuma mpaka kiwe cheupe. Rangi, kutu, lami ya kuzuia kutu na mafuta vyote viondoke kwa upana wa milimita 25 kila upande wa mshono. Vyuma vilivyopakwa zinki, zikiwamo boliti nyingi za dukani, visagwe kwanza, kwani moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyohiyo. Kuna onyo moja ninalolisisitiza kuliko mengine ya usafi: usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini, maana mabaki yake yakipata moto na mwanga wa kuchomelea yanaweza kugeuka fosijeni, gesi yenye sumu ya kuua. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, na uiweke chupa yake mbali. Fanya kazi penye hewa inayopita. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

3. Jifunze mstari mmoja kwenye mabaki. Kanuni ya kuanzia kwa chuma cha kawaida ni takribani ampea 40 kwa kila milimita 1 ya unene, hivyo chuma cha milimita 3 kitataka karibu ampea 120. Kwa elektrodi ya aina ya E6013 ya milimita 2.5, anza kati ya ampea 70 na 90. Waya utokeze milimita 10 hivi kutoka kwenye ncha ya tochi, tochi iinamishwe kidogo kama nyuzi 15, na mkono wa pili ushike wa kwanza usitetereke. Usiutazame mwanga, tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake, uone kingo zake zikishikana na chuma cha pande zote mbili. Mashine ya MIG iliyopangwa vizuri hulia kwa mfululizo kama maandazi yanapokaangwa katika mafuta yaliyokwisha kupata moto. Ikilia kwa kupasuka na kukatika, mpangilio wa volti na kasi ya waya haujakubaliana. Chora mistari mingi ya sentimita 10 mpaka mitano mfululizo ifanane.

4. Vunja ulichokiunganisha. Hapa ndipo kazi inapoamuliwa, na ninaomba usiharakishe. Chukua vipande viwili vya milimita 3, visimamishe kwa umbo la T, uchomelee upande mmoja tu, viache vipoe, kisha ufunge kimoja kwenye jiriwa na ukipige kingine kwa nyundo kuelekea kwenye mshono mpaka kijilaze. Mshono mzuri utajikunja pamoja na chuma, au utachanika kwa shida ukionyesha ndani kijivu cha chuma kilichoungana chote. Mshono mbaya utabanduka kama ganda la muhogo, na chini yake utauona ukingo wa chuma ukiwa bado umenyooka, haujaguswa na moto. Kata vipande vingine katikati kwa msumeno, uvipige msasa mwembamba, utazame kama kuna mstari mweusi kati ya mshono na chuma. Mimi niliwahi kuuamini mshono wa kishikilia shokomzoba kwa sababu ulikuwa mzuri kwa macho; ulitoka kwa pigo moja la nyundo, na tangu siku hiyo sijauamini mshono wowote wa mtu anayejifunza ambao ndugu zake hawajavunjwa. Rudia jaribio hili katika mkao wa kulala, wa kusimama na wa juu ya kichwa, kwa kuwa chini ya gari hutachagua mkao.

5. Fanya kwanza kazi zisizobeba uzito. Anza na kitako cha betri, vishikilia nyaya, au kasha la bati la kuifunika sehemu ya sakafu ya bodi utakayoikata baadaye ili ekseli ipate nafasi ya kupanda. Klampu ya ethi, ile inayourudisha umeme kwenye mashine, ifungwe kwenye chuma kilekile unachokichomelea, karibu na mshono. Ukiifunga mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi au nyaya za gari ukaziharibu.

6. Ingia kwenye bati la bodi. Kuziba tundu la kishikio cha mlango wa nyuma ni kazi nzuri ya kwanza. Kata kiraka chenye pembe za mviringo, kiingie kwenye tundu kikiacha mwanya mdogo pande zote. Kishikize kwa nukta moja moja, ukiruka kutoka upande mmoja hadi wa mkabala, kisha uzijaze nafasi kidogo kidogo mpaka nukta zikutane. Baada ya kila nukta chache subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya bati bila kuungua. Wanaoanza huchoka kusubiri, wakavuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, na bati likajikunja mawimbi ambayo hayatoki hata kwa puti. Kipande cha bomba la shaba kilichopondwa bapa na kushikiliwa nyuma ya tundu hupokea joto, wala hakishikani na mshono. Funika vioo, kwa maana cheche za grainda huingia kwenye kioo na haziondoki.

7. Pima mshuko kabla ya kukata chochote. Andika urefu kutoka sakafuni hadi kwenye upinde wa kila gurudumu, umbali kati ya bomba la ekseli na chasisi, na pembe ya shingo ya difu (kisanduku cha gia kilicho katikati ya ekseli ya nyuma). Ukiihamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake, gari hushuka kwa kipenyo cha bomba la ekseli, ukijumlisha unene wa springi na vikalio vyake, yaani vyuma ambapo springi hukutana na ekseli. Kwa bomba la milimita 75 na springi ya milimita 40, hiyo ni milimita 115 kabla ya kuhesabu vikalio. Bakisha angalau milimita 75 za ekseli kupanda kabla haijagusa raba ya kuzuia kugonga. Hesabu ikikataa, chasisi itahitaji kukatwa juu ya ekseli, ikikubali, usiikate. Mbele, magari yenye vyuma vya kujisokota (fito zinazofanya kazi ya springi) hushushwa kwa kulegeza boliti zake za kurekebishia, bila kuchomelea. Nakushauri ununue vikalio vya kufunga kwa boliti, kwani kuchomelea kwenye bomba la ekseli hulipinda kwa urahisi, na kitovu cha difu mara nyingi ni chuma cha kusubu kisichofaa kuchomelewa na anayejifunza.

   Viko vyuma ambavyo hutavigusa kwa moto hata siku moja: springi zenyewe, mikono ya usukani, vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele na sehemu za breki. Springi iliyopashwa moto hupoteza ugumu wake au huwa kama kioo, ikakatika barabarani. Anayekata springi au kuipasha moto ili gari lishuke hajalishusha gari, ameliharibu.

8. Kata chasisi upande mmoja kwa wakati mmoja. Usifike hapa ikiwa vipande vyako vya jaribio bado vinabanduka. Vikiwa bado vinabanduka, mlipe fundi mwenye uzoefu kwa mishono hii tu, kazi nyingine zote zibaki zako. Pale ekseli inapokaa gari likiwa na uzito wake wote, weka alama. Kisha simamisha stendi mbele na nyuma ya mahali pa kukata, na chomelea kwa muda chuma cha pembe kinachounganisha pande mbili za chasisi ili isisogee. Kata umbo la C kutoka ukingo wa chini kwenda juu, pembe zote ziwe za mviringo, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Sahani ya kuimarisha isiwe nyembamba kuliko chasisi, iufuate mkato wote na kuwa na ukingo wake wa chini unaochukua kazi ya ule ulioukata. Ivuke mkato kwa angalau sentimita 15 kila upande, na ncha zake zikatwe mshazari. Mshono unaoikatiza chasisi wima kutoka juu hadi chini hukusanya nguvu zote kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo chasisi nyingi zilizokatwa nyumbani hupasuka.

   Shikiza kwa nukta, pima tena vipimo vyote vya hatua ya 7, ndipo uchomelee kwa vipande vya milimita 40, ukihama kutoka upande huu hadi ule. Mshono wa kusimama uvutwe kutoka chini kwenda juu. Ukiuvuta kutoka juu kwenda chini utapendeza na kwenda haraka, lakini kwenye chuma cha milimita 3 chuma kilichoyeyuka hukimbia mbele ya moto na kulala juu bila kupenya. Hili ni kosa linalowanasa hata mafundi wa mageti.

9. Kagua kabla ya kupaka rangi. Tumia dawa ya rangi ya kupenya inayouzwa kwa kazi hiyo: safisha, pulizia ile nyekundu, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, kisha pulizia ile nyeupe. Ufa ulio juu ya mshono utajitokeza kama mstari mwekundu. Dawa hii haioni kasoro iliyo ndani, kwa hiyo mwite pia fundi asiyekuonea haya. Mshono wenye ufa usifunikwe kwa mwingine. Usage wote uuanze upya.

10. Rudisha sehemu na ulijaribu gari. Weka boliti mpya za umbo la U, shokomzoba fupi na mipira ya breki isiyovutika ekseli inaposhuka. Ikiwa pikapu ina vali ya breki inayosoma uzito kwa kifimbo kilichounganishwa na ekseli, irekebishe, kwa sababu gari lililoshushwa huidanganya vali kwamba limebeba mzigo, nayo hupeleka nguvu nyingi kwenye magurudumu ya nyuma mpaka yanakwama unapokanyaga breki. Taa za mbele zipimwe upya na magurudumu yanyooshwe. Kaza tena boliti zote baada ya kilomita 100. Na watu wa nyumbani wajue mapema kwamba mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani 1, haitapanda tena kwenye gari hili.

Baada ya kazi ya kila siku kaa karibu na gari kwa nusu saa, ukinusa na kupapasa mazulia na lami ya chini ya bodi. Moto wa gereji unaweza kuwaka mwenye gari akiwa amekwenda kuoga. Ukisikia mchanga machoni saa chache baada ya kazi, mwanga umekuchoma. Usitie maziwa wala usibandike vipande vya kiazi, nenda kituo cha afya.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mshono una vitundu kama mkate wa kumimina.* Kwenye MIG, angalia kama gesi inatoka lita 10 hadi 12 kwa dakika, kama upepo unaipeperusha, na kama chuma ni kisafi. Hata feni uliyoiwasha upate hewa inaweza kuwa ndiyo chanzo; ielekeze ivute moshi pembeni badala ya kupuliza kwenye mshono.

*Mshono umekaa juu kama kamba.* Joto ni dogo au mkono unakwenda mbio. Ongeza volti au ampea, na usikilize tena sauti.

*Kando ya mshono kuna mfereji.* Joto limezidi, au umekwenda haraka bila kusubiri kingo zijae. Mfereji huo kwenye chasisi ni mwanzo wa ufa, kwa hiyo usiuache.

*Waya wa unga wa ndani, ule usiotumia gesi, unarusha cheche ovyo.* Mara nyingi nyaya za tochi na ethi hazijabadilishana mahali ndani ya mashine. Kwa kawaida waya huo hutaka tochi iwe kwenye hasi, na waya wa gesi hutaka tochi iwe kwenye chanya. Waya wenye unga huvutwa nyuma. Ule wa gesi unaweza kusukumwa mbele.

*Waya unajiviringa ndani ya mashine.* Ncha ya tochi imeziba, roli imekazwa kupita kiasi, au kebo ya tochi imepindwa sana. Badilisha ncha kwanza, ni ya bei ndogo.

*Elektrodi inanata.* Ampea ni chache, au elektrodi imenyonya unyevu. Elektrodi za aina ya E7018 huhitaji ukavu hasa. Kopo likishafunguliwa katika hewa ya pwani, ziwekwe kwenye tanuri la elektrodi.

*Bati linatoboka kila ukigusa.* Punguza joto, rudi kwenye waya wa 0.6, weka shaba nyuma. Likiendelea, huenda kutu imekwisha kulila. Likate mpaka ukute chuma kizima.

*Gari linatetemeka kwa mwendo wa kasi baada ya kushushwa.* Rudi kwenye pembe ya shingo ya difu uliyoiandika katika hatua ya 7. Ikiwa imebadilika, weka vipande vya mshazari kati ya springi na vikalio mpaka irudi ilivyokuwa, kisha ukaze boliti za U upya na kulijaribu tena likiwa tupu.